Kompyuta Siyo Mbovu

Kijana mmoja wa Kisiba, kule Tukuyu, ameniandikia barua. Amepewa kompyuta kuukuu yenye Linux, na rafiki yake akamletea kwenye flashi programu ya sataranji iliyonakiliwa kutoka kompyuta ya Windows. Haifunguki. Watu wamemwambia mashine ni mbovu, aiuze kwa bei ya chuma chakavu.

Asiiuze. Windows, Linux na Android ni mifumo ya kuendeshea kompyuta, na programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja kwa kawaida haieleweki na mwingine. Faili linaloishia na herufi exe ni la Windows. Linux inalitazama kama msomaji wa Kiswahili anavyoitazama barua ya Kichina. Iko programu ya Wine, iliyoanza 1993, inayofanya kazi kama mkalimani kati ya mifumo hiyo miwili, lakini kwa sataranji hatuihitaji.

Hatuihitaji kwa kuwa programu nyingi za sataranji zina sehemu mbili. Upo ubao tunaouona, wenye kete na miraba 64, na ipo injini, yaani ubongo unaofikiri, usio na picha hata moja. Tangu mwaka 2000 upo utaratibu uitwao UCI, waliouandaa Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, ambao huziwezesha sehemu hizo kuandikiana kwa herufi za kawaida. Ubao unaeleza kete zilivyokaa. Injini inafikiri, kisha inajibu, tuseme, "e2e4": toa kete mraba wa e2, iweke e4. Jibu hilo lina maana ile ile katika kila mfumo. Hivyo anayetengeneza injini hahangaiki kuchora farasi na malkia. Anaiandaa injini yake kwa kila mfumo, basi.

Injini maarufu kuliko zote ni Stockfish ya mwaka 2008, iliyotokana na injini ya Tord Romstad wa Norway na kuendelezwa na Marco Costalba wa Italia. Jina hilo ni la samaki mkavu wa Norway anayependwa na wapishi wa Italia. (Ingezaliwa huku kwetu, nadhani ingeitwa usipa.) Mwaka 1997 ilihitajika Deep Blue, mtambo wa IBM wenye uzito wa zaidi ya tani moja, kumshinda Garry Kasparov. Leo Stockfish ndani ya simu ya mkononi inawazidi mabingwa wote, nayo hutolewa bure kihalali. Basi kuna haja gani ya kuokoteza nakala za magendo, ambazo mara nyingi huja na virusi?

Kijana wetu afungue ghala la programu la Linux yake, achukue Stockfish pamoja na ubao kama PyChess au XBoard. Akiipakua Stockfish kwenye intaneti, achague ile ya prosesa za zamani, maana iliyoandaliwa kwa prosesa mpya huzimika papo hapo kwenye mashine kuukuu, hata kama mfumo ni sawa.

Na wenye simu za Android wasijione wameachwa. DroidFish ina ubao na injini pamoja, ni ya bure, na ukishaiweka hucheza bila intaneti.