Mbona moduli yako inakufa kila ukibadilisha Node?

Tuseme uko Kulamawe, kule Isiolo. Laptopu imechajiwa na sola, intaneti ni ya simu, na bando ni la kuhesabu. Programu yako ya rekodi za mifugo inaendeshwa na Node.js na jana ilikuwa sawa kabisa. Leo umeweka toleo jipya la Node, na programu imegoma, inakutupia maneno NODE_MODULE_VERSION. Hujagusa hata mstari mmoja. Shida iko wapi?

Iko kwenye viungo. Node, iliyoanzishwa na Ryan Dahl mwaka 2009, haisomi JavaScript yenyewe; hiyo ni kazi ya V8, injini ya Google. Kuna moduli za kuficha nywila au kusoma hifadhidata ambazo zimeandikwa kwa C++ ili ziende kasi. Zamani moduli hizo zilijishikiza moja kwa moja kwenye matumbo ya V8, na V8 hubadilika kila baada ya wiki chache. Kitu kikihamishwa humo ndani, moduli inashika hewa. Dawa ilikuwa kuijenga upya: kompaila, Python, mafaili ya Node, vyote kwa bando lako. Msee wa Nairobi mwenye faiba hata haoni. Wewe unaumia mfukoni.

Sasa chukua kisima cha kuchimbwa. Watu huchota kwenye mfereji. Pampu ikitolewa ya dizeli ikawekwa ya sola, mtungi wako ni ule ule na mfereji ni ule ule. Lakini kama kila boma lingechomelea bomba lake kwenye pampu yenyewe, siku ya kuibadilisha kijiji kizima kingelala na kiu.

Watu wa Node waliweka mfereji. Mwaka 2017, katika toleo la 8, walileta N-API kwa majaribio. 2018 ikawa imara. Siku hizi inaitwa Node-API. Hapo moduli haigusi V8. Ikihitaji maandishi au namba, inapewa kitu kama tiketi, na ikitaka kujua kilichomo inaonyesha tiketi na kuuliza. Injini ipange mizigo yake itakavyo, tiketi bado ni halali. Na sheria ni moja: kazi mpya huongezwa, zilizotangazwa kuwa imara haziondolewi. Ndiyo maana moduli iliyojengwa mara moja inaendelea kufanya kazi Node ikibadilishwa.

Safaricom ilifanya jambo la karibu na hilo mwaka 2017 ilipotoa Daraja: duka lako la mtandaoni linaongea na M-Pesa kupitia mlango uliotangazwa, bila kugusa mitambo ya ndani.

Si bure, lakini. Kila kupita mlangoni kunakula muda kidogo. Na moduli ikichungulia V8 hata mara moja tu, ahadi imevunjika.

Kwa hivyo kabla hujaweka moduli, soma maelezo yake. Tafuta neno Node-API, kisha uangalie kama kuna faili iliyojengwa tayari kwa mashine ya aina yako. bcrypt na sqlite3 zilishahama. Na ukiandika yako, pitia mferejini. Kuna mtu mwingine mwenye bando la kuhesabu ataiweka, na hatajua ni wewe uliyemwokolea pesa.