Maji Ndiyo Yanayokula Kuni

Katika kiwanda cha chai nyeusi, kiwe cha Kericho, Murang'a au Mufindi, kazi inayomeza nishati nyingi kuliko zote si kusaga majani bali ni kuyaondoa maji. Jani bichi linapopokelewa, maji huwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, ilhali chai iliyo tayari kufungashwa hubaki na maji asilimia 3 hivi. Kwa hiyo kilo 4.5 za majani mabichi hutoa takriban kilo 1 tu ya chai, na karibu kilo 3.5 zilizobaki huishia hewani. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke hudai joto zaidi ya mara tano ya lile linaloyatoa maji hayo kwenye baridi ya barafu hadi kuchemka.

Sehemu ya maji hayo huondoka katika unyaushaji, yaani hatua ambayo majani hutandazwa kwenye vitanda virefu na kupulizwa hewa na feni kwa saa kadhaa. Mengine hutolewa kwenye kikaushio, kwa hewa iliyopashwa moto na mvuke wa boila, na boila nyingi za nyanda hizo huchochewa kwa kuni za mkaratusi. Hivyo, sehemu kubwa ya nishati ya kiwanda ni joto, umeme ukifuatia kwa mbali. Ajabu ni kwamba mazungumzo ya kubana matumizi huanzia kwenye balbu, pengine kwa sababu umeme una mita na ankara ya kila mwezi, ilhali rundo la kuni halina mita.

Gogo la mkaratusi lililokatwa karibuni linaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake. Tani moja ya kuni za namna hiyo huingia tanuruni na lita 500 za maji, ambazo moto hulazimika kuzichemsha kwanza kabla ya kumpa mwenye kiwanda chochote. Kuni hizo hizo zikipasuliwa na kuanikwa chini ya paa lenye upepo hadi maji yashuke kufikia asilimia 20, uzito wake huwa kilo 625, na maji ya kuchemshwa ni lita 125 tu. Mchochea boila hahitaji kipimo ili kuzitambua: kuni kavu huwa na nyufa kwenye ncha na hulia kwa mlio mkavu zikigonganishwa, ilhali mbichi hufoka na kutoa povu motoni. Mkataba unaomlipa muuzaji kwa uzito bila kupima unyevu humlipa kwa maji, kisha kiwanda hulipa tena kwa kuyachemsha.

Kutoka hapo, upotevu hufuata bomba. Mvuke ukishatoa joto lake hurudi kuwa maji ya moto, na maji hayo yakimwagwa mtaroni badala ya kurejeshwa kwenye tangi la boila, joto lililokwisha kulipiwa huondoka nayo. Kila nyuzi 6 za Selsiasi zinazoongezwa kwenye maji yanayoingia boilani huokoa takriban asilimia 1 ya kuni.

Umeme nao una jambo moja lisilopaswa kupuuzwa. Feni inayopunguzwa kasi hadi asilimia 80 hutumia karibu nusu tu ya umeme wa awali, kwa kuwa nguvu inayohitajika hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Pamoja na hayo, feni nyingi za unyaushaji huachwa zivume kwa kasi ile ile hata majani yakiwa machache.

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 kuhusu usimamizi wa nishati huvitaka viwanda vinavyotumia kilowati-saa 180,000 au zaidi kwa mwaka kufanya ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Ukaguzi huo huchora ramani ya upotevu, lakini miaka mitatu ni mirefu mno kwa boila inayolishwa usiku na mchana. Kinachoweza kuandikwa ubaoni kila zamu ni hesabu moja: kilo za chai zilizopatikana kwa kila mita ya ujazo ya kuni, na kando yake unyevu wa kuni zilizochomwa siku hiyo.