Udhia kwa Umma: Jina la Kosa Katika Sheria

Mto Morogoro washuka kutoka milima ya Uluguru, wapita mjini, kisha waingia Ngerengere. Na Ngerengere nao huungana na Ruvu, ambao maji yake hunywewa hata Dar es Salaam. Ichukuliwe kwamba mwenye karakana mjini Morogoro amwaga mafuta machafu mtoni. Kosa lake laitwaje kwa Kiswahili? Sheria na hukumu zilipoandikwa kwa Kiingereza swali hili halikuwa na uzito. Lakini mambo yamegeuka, na tangu sheria ya mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, hakimu hana budi kulijibu.

Neno lijalo upesi kinywani ni kero. Lakini kero, kama litumikavyo siku hizi katika mikutano ya hadhara, lachukua kila upungufu: kijiji cha mlimani kisicho na barabara kina kero, na bomba lililokauka ni kero. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 170 cha Kanuni ya Adhabu chataka awepo mtu aliyetenda jambo lisiloruhusiwa, au aliyeacha wajibu wake wa kisheria, na kwa hiyo akawaletea watu madhara, hatari au maudhi, au akawatatiza katika kutumia haki iliyo yao wote. Ukame haushtakiwi.

Udhia lafaa zaidi, na sababu imo katika asili yake. Neno la Kiingereza lilitoka Kifaransa cha kale, na nyuma yake liko tendo la Kilatini lenye maana ya kudhuru. Udhia nalo latokana na Kiarabu, ambako shina lake lina maana ya madhara. Yote mawili yamechakaa kwa namna moja, hata mtoto mtundu huitwa udhia, na Mwingereza humwita vivyo hivyo. Mwanasheria atumiaye udhia analirudishia makali neno lililokuwa butu.

Moshi wa jirani uingiao nyumba moja ni udhia kwa mtu binafsi. Ule wa umma huwagusa wengi, wangapi, haikusemwa. Katika shauri la machimbo ya mawe ya PYA, mwaka 1957, Jaji Denning wa Uingereza alipima kwa kuuliza kama udhia umeenea hata isiwe haki kumtazamia mtu mmoja aukomeshe peke yake. Kwa hiyo mwenye karakana hadaiwi na kila anywaye maji. Lakini mkulima ambaye mboga zake zimekufa kwa maji hayo amepata hasara ya pekee, naye aweza kudai fidia.

Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walipoishtaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa moshi na uvundo wa jaa, Mahakama Kuu iliamuru utupaji ukome. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani, na wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka 1991.

Limebaki neno dogo la kuunganisha. Udhia wa umma laweza kusomwa kuwa udhia ufanywao na umma, kama kelele za mkutano. Udhia kwa umma halina maana ila moja: umma ndio uliodhuriwa.