Kiendeshaji Kinapokataa Kupakiwa: Seva za Hospitali Kando ya Ziwa Viktoria

Kaunti za Homa Bay na Migori, kuanzia Kisegi na Mbita ufukweni mwa Ziwa Viktoria hadi miji ya Rongo na Migori, ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU, na matibabu ya wagonjwa hao, ambayo ni ya maisha yote, hutegemea rekodi zisizopotea. Mfumo wa KenyaEMR, ulioanza kusambazwa nchini mwaka 2012, umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na katika vituo vingi huendeshwa kwenye seva iliyopo papo hapo kituoni, ili faili la mgonjwa liweze kufunguliwa hata intaneti inapopotea. Uamuzi huo ni wa busara, ingawa una gharama yake: seva ya kituoni huvumilia joto, vumbi na umeme unaokatikakatika, tena mbali na fundi anayeifahamu, hivyo inahitaji kuweza kueleza hali yake yenyewe zaidi kuliko seva iliyo Nairobi katika kituo cha data chenye viyoyozi na mafundi wa zamu.

Mashine iliyoundwa hasa kwa kazi ya seva huwa na kompyuta ndogo ya pili juu ya ubao mama, iitwayo BMC, ambayo hupima joto, mwendo wa feni na hali ya vifaa vya umeme, na kuweka kumbukumbu ya kila hitilafu. Dell huiita iDRAC na HPE huiita iLO. Lugha ya mawasiliano kati yake na mfumo endeshi ni IPMI, kanuni iliyotolewa mwaka 1998 na Intel pamoja na Dell, Hewlett-Packard na NEC, na ambayo tangu mwaka 2015 imekuwa ikiachia nafasi kanuni mpya ya Redfish. Ili mfumo endeshi wa Linux usikie lugha hiyo, kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachogusa vifaa moja kwa moja, hupakia viendeshaji, ambavyo mafundi wengi huviita draiva: ipmi_msghandler hupanga ujumbe, ipmi_si huzungumza na BMC, na ipmi_devintf hufungua mlango wa /dev/ipmi0 unaotumiwa na programu nyingine. Kimojawapo kisipopakiwa, mlango huo haupatikani.

Ubaya wa hitilafu hii ni kwamba haisimamishi kazi. Wagonjwa huendelea kusajiliwa na dawa huendelea kuandikwa, ilhali feni iliyokufa haitangazwi popote katika mfumo, na ndiyo maana tatizo linaweza kukaa miezi bila kushughulikiwa. Fundi anapolikuta, pupa ya kusakinisha kila kitu upya humjia kwanza, nayo mara nyingi hupoteza muda, kwa kuwa kerneli inapokataa kupakia moduli, yaani kipande cha kerneli chenye kiendeshaji, hutaja sababu, na sababu hizo zina tiba tofauti kabisa. Amri ya modprobe huonyesha jibu fupi, na amri ya dmesg, inayosoma kumbukumbu za kerneli, huonyesha jibu refu. Hilo la pili ndilo lenye thamani zaidi.

Jibu kwamba moduli haikupatikana humaanisha kwamba faili lake halimo katika saraka ya kerneli inayotumika wakati huo, jambo linaloweza kutokea kwa sababu baadhi ya matoleo ya kerneli hugawa moduli zake katika kifurushi cha msingi na kifurushi cha ziada, na hiki cha pili hakikusakinishwa. Jibu kwamba muundo wa moduli si halali humaanisha kwamba moduli iliundwa kwa toleo jingine la kerneli. Hapa ndipo mazingira ya ziwani yanapoingia. Ubuntu, mfumo endeshi unaotumiwa sana na KenyaEMR, kwa kawaida hupakua masahihisho ya usalama wenyewe, pamoja na kerneli mpya, lakini kerneli hiyo haianzi kazi hadi seva iwashwe upya. Seva inaweza kukaa wiki kadhaa ikiendeshwa na kerneli ya zamani huku mpya ikisubiri diskini. Kisha radi inapiga, umeme unakatika, betri ya akiba inaisha, na umeme unaporudi seva inaamka na kerneli nyingine, wakati moduli ya mtengenezaji wa seva ilijengwa kwa ile ya kwanza. Kwa kuwa bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye ngurumo nyingi, lawama huangukia radi, na kituo huweza kuagiza ubao mama mpya kwa kosa ambalo kulinganisha majibu ya amri za uname -r, inayotaja kerneli inayotumika, na modinfo, inayotaja kerneli ambayo moduli iliundiwa, kungelifichua mara moja. Tiba yake ni kuijenga upya moduli hiyo, kazi ambayo mfumo wa DKMS huifanya wenyewe, mradi faili za vichwa vya kerneli mpya zimesakinishwa.

Jibu kwamba ufunguo unaohitajika haupo hutoka kwa Secure Boot, ulinzi unaokataza kerneli kupokea moduli isiyo na saini inayoaminika. Kuuzima ulinzi huo ni njia ya mkato isiyofaa kwenye mashine yenye siri za wagonjwa. Inafaa zaidi moduli itiwe saini na ufunguo wake usajiliwe. Jibu kwamba kifaa kinatumika huashiria viendeshaji viwili vinavyogombea mlango mmoja, mara nyingi cha mtengenezaji na kile cha kerneli yenyewe, na kimoja lazima kiondolewe.

Jibu kwamba kifaa hakipo linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu linaweza kuwa kweli tupu. Vituo vidogo aghalabu hutumia kompyuta ya kawaida ya mezani kama seva, nayo haina BMC hata kidogo, kwa hiyo kiendeshaji kinapokataa kimefanya sawasawa, na joto lifuatiliwe kwa vihisi vya prosesa. Lakini kama seva ina BMC na kumbukumbu za kerneli zinasema haijibu, huenda BMC yenyewe imeganda. Kuwasha upya mfumo endeshi hakusaidii, kwa sababu BMC hutumia umeme wa akiba usiokatika hata seva ikizimwa, alimradi waya umechomekwa ukutani. Hifadhidata ya MySQL yenye rekodi za KenyaEMR inapaswa kufungwa kwa utaratibu, seva izimwe, kisha nyaya zote za umeme zichomolewe, zikiwa mbili zote mbili, kwa dakika chache.

BMC pia hufikiwa kwa mtandao bila kiendeshaji chochote, jambo linalomwezesha fundi aliye Homa Bay kusoma hali ya seva ya Kisegi bila safari. Hata hivyo, mwaka 2013 mtafiti Dan Farmer alionyesha udhaifu mkubwa wa usalama katika IPMI, kwa hiyo mlango huo ubaki ndani ya mtandao wa hospitali au ufikiwe kwa njia iliyosimbwa, na nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza.

Baada ya kiendeshaji kupakiwa, amri ya ipmitool sensor iorodheshe mwendo wa feni kwa namba halisi, kisha majina ya moduli yaandikwe katika saraka ya /etc/modules-load.d ili zipakiwe kila seva inapoamka, na seva iwashwe upya makusudi, wakati wa utulivu wa kliniki, fundi angali chumbani.