UKIMYA WA MTEGO SI USHAHIDI

Mlinzi wa lango hudai neno la siri na kitambulisho. Mgeni akikosea neno, kitambulisho hakiulizwi. Hukumu imekwisha kupatikana. Ndivyo ifanyavyo GNU Make, chombo cha kuunda programu za kompyuta, kwa viunganishi vyake vya "na" na "au" vilivyoingizwa katika toleo la 3.81, mwaka 2006.

Twahakikishaje? Baada ya sharti la kwanza lisilotimia, twatega amri isimamishayo kazi yote. Kazi ikiendelea, sharti la pili halikuguswa. Lakini, ndugu askari, mtego mbovu nao hunyamaza! Basi twalitimiza sharti la kwanza, ili la pili lipimwe. Mtego ukifyatuka, ndipo twauamini ukimya wa awali.