Ridhaa ya Mwanafunzi Mbele ya Kamera: Maadili ya Filamu za Hali Halisi katika Drama za Shule za Sekondari

Utangulizi

Filamu ya hali halisi inayofuatilia kundi la drama la shule ya sekondari, kuanzia uteuzi wa waigizaji hadi siku ya onyesho, ni utanzu unaotambulika. Nchini Kenya, tamasha la kitaifa la shule limekwisha kuiingiza filamu kando ya drama, hivyo kamera si mgeni tena kwenye mazoezi. Makala hii inaeleza kwa nini ridhaa ya mwanafunzi kuigiza haitoshi kuwa ridhaa ya kurekodiwa, na inapendekeza utaratibu unaofaa kufuatwa.

Mhusika na Mwanafunzi

Jukwaani, mwanafunzi hulindwa na mhusika. Akilia, hadhira hujua kwamba anayelia ni mhusika. Akitamka neno zito, neno hilo ni la mwandishi. Filamu ya hali halisi huuondoa ulinzi huo. Humwonyesha mwanafunzi mwenyewe akisahau maneno, akigombana na mwenzake au akieleza shida za nyumbani kwao. Aidha, onyesho hupita ilhali filamu hubaki: aliyerekodiwa akiwa na miaka 16 anaweza kukabiliwa na picha ileile mbele ya mwajiri akiwa na miaka 30.

Filamu ya Scott Hamilton Kennedy, OT: Our Town (2002), inadhihirisha suala hili. Inawafuata wanafunzi wa Compton, California, wakiandaa tamthilia ya Thornton Wilder ya mwaka 1938 katika shule iliyokuwa imekaa zaidi ya miaka 20 bila kuonyesha tamthilia. Haiishii kwenye mazoezi, kwani wanafunzi husimulia pia maisha yao. Nguvu yake imo katika uwazi huo, na mvutano wa kimaadili umo humo humo: kinachoigusa hadhira zaidi ndicho kinachoweza kumwacha mtoto wazi zaidi.

Mamlaka ya Mwalimu

Ridhaa huwa halali inapotolewa kwa hiari. Katika drama ya shule, mwalimu ndiye agawaye nafasi za uigizaji, na mara nyingi ndiye anayempokea mtengenezaji wa filamu. Mwanafunzi anayeombwa ridhaa na mtu huyo huyo huogopa kwamba akikataa atapoteza nafasi yake. Kukubali kwake kunaweza kuwa utiifu tu.

Sheria na Mipaka Yake

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinadai ridhaa ya mzazi au mlezi na kuzingatiwa kwa maslahi bora ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, shule moja nchini humo ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Sheria ya Uganda ya 2019 nayo inadai ridhaa hiyo, lakini inaruhusu ukusanyaji kwa madhumuni ya utafiti. Ruhusa hiyo yafaa itazamwe kwa tahadhari, kwa kuwa filamu iliyoanza kama data ya mtafiti inaweza kuishia hadharani.

Hata hivyo, ridhaa ya mzazi pekee haikidhi haja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unampa mtoto haki ya kusikilizwa (ibara ya 12) na haki ya faragha (ibara ya 16). Mzazi anaweza kufurahia sifa ya filamu ambayo mtoto anaionea aibu.

Mapendekezo

Kwanza, ridhaa iombwe na mtu asiye na mamlaka juu ya nafasi za uigizaji, na anayekataa abaki na nafasi yake. Pili, iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena mwanafunzi na mzazi wanapokwisha kuitazama filamu iliyohaririwa. Tatu, mwanafunzi aweze kuomba sehemu inayomhusu iondolewe kabla filamu haijatolewa. Nne, mkataba ubainishe nani atahifadhi picha zisizotumika, na kwa muda gani.

Hitimisho

Masharti haya yatarefusha kazi, na baadhi ya mandhari zenye mvuto zitapotea. Gharama hiyo ni ya haki, kwa kuwa mtengenezaji huondoka na filamu, naye mwanafunzi hubaki akiishi miongoni mwa walioitazama.