Bwawa la Samaki Uani: Pima Kwanza, Chimba Baadaye

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Tukiona bwawa la samaki nyuma ya nyumba ya jirani, wengi wetu tunaona samaki tu. Kazi iliyotangulia hatuioni. Ndiyo maana mtu hurudi kwake, akashika jembe na sururu, akachimba shimo na kulijaza maji, na siku ya tatu shimo limekauka.

Leo tuzungumzie bwawa ambalo mtu na wanawe wanaweza kulichimba kwa mikono yao: urefu meta 5, upana meta 4, kina cha wastani meta 1. Bwawa hilo huchukua kama lita 20,000 za maji, yaani madebe 1,000. Jiulize utayatoa wapi, na kiangazi utaongeza kwa nini. Paa linaweza kukusaidia. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya bati la meta za mraba 50 huleta lita 1,000. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache yakae siku kadhaa kabla ya kutia samaki.

Jambo la pili ni udongo. Chukua udongo wa chini, uloweshe, ufinyange tonge, ulirushe juu na kulidaka. Likisambaratika, huo ni mchanga. Likishikamana, endelea na jaribio jingine: chimba kishimo cha kina cha kiuno, ukijaze maji asubuhi. Jioni yatakuwa yamepungua, kwa kuwa udongo umekunywa. Kijaze tena, ukifunike kwa majani ya mgomba. Kesho yake maji mengi yakiwa bado yapo, mahali hapo panafaa. Yakiwa yamekwisha, itakubidi utandike nailoni nzito au uhamie mahali pengine.

Sasa ndipo uchimbe. Kuta zilale kidogo, zisisimame wima, la sivyo zitaporomoka. Upande mmoja uwe na kina zaidi, na ukingo uinuke juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie na tope.

Kwa bwawa hilo, vifaranga 40 vya perege vinatosha, yaani 2 kwa kila meta ya mraba. Tamaa ya kujaza 200 huzaa samaki wa ukubwa wa dagaa. Tena perege huanza kuzaa akiwa na miezi mitatu au minne, kwa hiyo ukiweza, pata madume watupu. Samadi kidogo hulifanya bwawa liwe kijani, na kijani hicho ni chakula. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, samadi imezidi. Samaki wakitweta juu ya maji alfajiri, wamekosa hewa. Acha samadi, ongeza maji safi.

Yapo mambo mawili yasiyosubiri. Mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotulia, na viluwiluwi vyake hugeuka mbu kwa muda wa juma moja au mawili. Samaki huvila, lakini havifikii vile vilivyojificha kwenye nyasi za ukingoni. Fyeka nyasi hizo. Na bwawa lililoachwa bila samaki lifukiwe, maana hilo ni kitalu cha mbu kwa mtaa mzima.

La pili ni watoto. Mtoto mdogo huzama kimya, hata katika maji yanayomfika mtu mzima magotini. Uzio na mlango wenye komeo uwekwe kabla ya debe la kwanza la maji, si baada ya msiba.

Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, kwa majimbo 140 ya uchaguzi. Baadhi yaliwanufaisha wenyewe, mengine yakaja kuachwa kwa kukosa maji, chakula cha samaki au soko. Mashimo yalikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu ya kesho yake.

Basi, ndugu msikilizaji, kabla hujainua jembe, hesabu maji, jaribu udongo, jenga uzio. Ukikuta huna maji ya kiangazi, panda mchicha mahali hapo, na hutakuwa umepoteza kitu.